Mashine Isiyouliza

4 Februari

Mdogo wangu,

Nianze kwa kukujulia hali, maana tangu mwaka huu uanze nimesikia sauti yako mara mbili tu, na mara zote mbili ulikuwa na haraka. Sisi huku hatujambo. Paa la upande wa jikoni limezibwa. Kazini boila moja ya kuchemshia maji imepasuka, kwa hiyo mashuka ya wodi zote tunayafua kwa zamu kwenye mashine mbili zilizobaki, na mikono yangu imekunjamana kama ya mtu aliyekaa majini mwezi mzima. Vinginevyo tunamshukuru Mungu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nyumba hii unaijua, kuta zake ni mbao tupu. Nikisema "haloo" chumbani kwangu, Baba anaitikia chumbani kwake. Na jambo lenyewe linamhusu yeye.

Mashine yake ya taipu imekufa. Mkono wa herufi "a" umekatika, na Kiswahili bila "a" ni bubu. Fundi pekee aliyekuwa akizitengeneza alishatangulia, na utepe wake hauuzwi tena mahali popote. Tangu hapo Baba anakaa kitini, mikono mapajani, ila vidole havitulii, vinapiga taipu juu ya suruali. Mtu amekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja, akiandika maneno ya mashahidi. Huwezi kumwambia mtu kama huyo asikilize redio tu.

Nilimpeleka kwenye duka moja karibu na posta wanakokodisha kompyuta. Alikaa vizuri, akaandika kama mistari minne, akabofya mahali nisipopajua, mashine ikamwandikia: "Je, una uhakika?" Alisimama, mdogo wangu, akavaa koti lake. "Nimeapisha watu miaka thelathini na moja," alisema, duka zima likisikia, "leo kikabati cha kioo kinaniuliza mimi kama nina uhakika?" Tukatoka.

Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Nitafutie kompyuta ambayo ule mfumo wa ndani, sijui mnauitaje, ule unaoiendesha, uwe mwepesi. Afungue, aandike, afunge. Isimwulize kitu.

Nijibu kwa anwani ya hospitali, chumba cha kufulia. Baba anakusalimu.

Dada yako


2 Machi

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imechukua siku kumi na tisa kunifikia. Ningekuja kwa miguu ningekuwa nusu ya njia. Lakini nimefurahi kuuona mwandiko wako, bado herufi zako zinalalia upande mmoja kama watu waliochoka. Mimi mzima. Pale chuoni nina kompyuta arobaini za kuangalia na wanafunzi mia tatu wa kuziharibu, kwa hiyo kazi haiishi. Nyumbani ni mimi na kuta zangu, nazo ni za matofali, hazisemi.

Sasa hilo la Baba. Nimelifikiria kwa makini. Ule mfumo unaousema tunauita mfumo endeshi, na hapo ndipo penye uamuzi, wala si kwenye mashine yenyewe. Nilifikiria zile kompyuta bapa za kugusa kwa kidole, nikakumbuka kuwa Baba anataka funguo zinazobonyea. Nilifikiria pia mfumo wa bure, Linux, ambao mtu anaweza kuupunguza na kuupunguza mpaka ubaki na vitu viwili vitatu. Lakini nikajiuliza, Baba yetu apewe mashine iliyopunguzwa kama ya chekechea? Mtu aliyekuwa akisahihisha Kiswahili cha mahakimu? Hapana. Ninamtumia laptopu yenye mfumo kamili, ule ule unaotumika maofisini. Ataujua. Mambo yakitulia hapa nitakuja mwenyewe nimfundishe.

Hukuniambia habari za afya yake kwa jumla. Yukoje?

Mwambie namsalimu sana.

Mdogo wako


19 Aprili

Mdogo wangu,

Mzigo ulifika salama, na mimi nimekawia kujibu kwa sababu nilitaka nikuandikie habari njema. Nimesubiri, haikuja.

Huku tuko wazima. Boila mpya imeletwa ikakaa uani wiki tatu ikisubiri mtu wa kutia sahihi. Jirani yetu, yule wa upande wa mti wa waya za nguo, ameugua mgongo, sasa ananisogezea na nguo zake nikimaliza za wagonjwa.

Siku ya kwanza Baba aliipenda mashine. Aligusa funguo, akasema ni laini kama mtu asiyetaka ugomvi. Siku ya pili ikataka neno la siri. Akaniambia yeye hana siri. Siku ya tatu ikasema inataka kujisasisha, isizimwe. Akakaa mbele yake saa nzima mikono kifuani, akiisubiri. Siku ya nne ikataka kujua yuko wapi. "Niko nyumbani kwangu," akaiambia kwa sauti. Ikarudia.

Baadaye akaanza kuijibu kwa kalamu. "Kwa Mhusika. Swali lako la tarehe kumi na mbili limenifikia. Sikubali." Akatia bahasha, akanipa nipeleke posta. Nina bahasha saba kwenye mkoba wangu. Ya kwanza nilicheka. Ya tatu nikaacha kucheka.

Sasa mashine imefunikwa taulo na imegeuziwa ukuta, kwa sababu, anasema, inamtazama akila. Niliomba mashine nyepesi, ukatuletea ya heshima. Hiyo heshima anaikalia nani? Wewe uko huko, maswali yako huku.

Je, ipo mashine isiyouliza au haipo? Kama haipo niambie, nimnunulie daftari.

Baba anakusalimu.

Dada yako


15 Mei

Dada,

Nimekosa, nakubali. Nilichagua mashine ambayo ningependa mimi kumwona nayo. Hapa mvua haikatiki, koti langu halijakauka tangu Jumatatu, na nimekuwa nikibaki ofisini baada ya kazi wiki mbili nzima kwa ajili ya hiki kilichomo ndani ya bahasha.

Ni flashi. Ndani yake nimeweka Linux, toleo jepesi kabisa, na nimeivua kila kitu. Ikiwaka inatoa skrini nyeupe na vitufe vitatu, herufi kubwa kama za bango: ANDIKA, SOMA, ZIMA. Haina neno la siri. Haijisasishi mbele yake. Anachoandika kinajihifadhi chenyewe, hata umeme ukikatika. Na haina hata sentensi moja inayoishia na alama ya kuulizia, nimezipitia zote kwa mkono.

Mpelekee fundi yeyote, aichomeke na kuiwasha, maelekezo nimeyaandika kwenye karatasi ya njano. Iunganishwe intaneti kupitia ile simu yako ya zamani, uiache pale pale. Kitu kikiharibika nitaweza kuingia kutoka huku nikakiweka sawa, usihangaike.

Nina swali moja kwako, si kwa mashine. Zile barua alizokuwa akiijibu, Dada, alikuwa anatania? Nijibu hilo tafadhali.

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, na safari hii naliandika neno hilo bila kulisukuma.

Fundi ni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alisoma karatasi yako ya njano, akasema, "Huyu aliyeandika hivi anampenda mtu wake." Akamaliza kabla chai yake haijapoa.

Baba aliondoa taulo mwenyewe. Akabofya ANDIKA. Skrini ikawa nyeupe, ikanyamaza. Akaitazama, akasubiri, nayo ikasubiri. Kisha akacheka, mdogo wangu, kicheko ambacho sijakisikia siku nyingi. "Hii," akasema, "imelelewa."

Sasa anaandika kuanzia baada ya chai ya asubuhi mpaka ninaporudi. Nikifika kona ya nyumba nasikia funguo. Sijui anaandika nini. Nilipopita nyuma yake aliifunika skrini kwa kiganja. "Shauri bado linaendelea," akasema. Sikumchungulia. Ni lake.

Uliniuliza kama alikuwa anatania. Baba unamjua.

Kwa mara ya kwanza tangu Mama aondoke, nakwenda kazini bila moyo kunidunda njia nzima. Asante. Sikuambii neno hili mara nyingi, kwa hiyo lihifadhi. Na sasa niambie, unakuja lini? Umesema mambo yakitulia. Mambo ya nani?

Baba anakusalimu.

Dada yako


11 Julai

Dada,

Nimepata barua yako. Mimi mzima.

Nina maswali machache na nataka majibu ya wazi. Baba anakula mara ngapi kwa siku? Miwani yake anaitunza nani? Ni kweli kwamba mlango wa mbele hufungwa kwa nje asubuhi? Ni kweli viatu vyake vimefichwa? Nani amekuwa akiingia chumba cha Mama?

Kuhusu kuja, bado.

Mdogo wako


3 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, mvuke ukinipiga mgongoni. Niliisoma mara mbili, nikitafuta pale uliponisalimu.

Nani amekupa maneno? Jirani? Baba Mdogo? Kuna mtu anakupigia simu? Kama yupo, mwambie anisemee mbele, si nyuma, na aje na kitambaa anisaidie kupangusa.

Baba anakula mara tatu, na ya nne akisahau kwamba amekula. Miwani iko usoni pake. Chumba cha Mama naingia mimi, kufagia.

Kuhusu mlango sina la kusema kwenye karatasi. Njoo uufungue mwenyewe.

Dada yako


29 Agosti

Leo sianzi na salamu.

Jumamosi, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nimemkalisha Baba uani namkata kucha. Baba Mdogo akaingia na wazee wawili wa ukoo. Nikasimama kutafuta viti. "Usihangaike," akasema. Mkononi alikuwa na karatasi zilizochapwa. "Binti, tumekuja kwa jambo zito. Mdogo wako ametuandikia."

Akasoma hapo hapo. Jirani alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua, akabaki ameshika shuka lenye maji, vibanio mdomoni.

"Mimi, karani mstaafu, mwenye umri wa miaka sabini na tisa na akili timamu, naapa na kutamka kama ifuatavyo. Moja: kwamba mshtakiwa, ambaye ni binti yangu, hunifungia ndani kila siku ya kazi. Mbili: kwamba amenificha viatu vyangu kwa nia ya kunizuia nisihudhurie mahakamani. Tatu: kwamba kila asubuhi hunivua nguo na kunimwagia maji bila ridhaa yangu. Nne..."

Zilikuwa aya kumi na tisa. Nilizisikia zote nimeshika mkono wa Baba na mkasi wa kucha.

"Una la kujibu?" Baba Mdogo akaniuliza.

Unajua aliyeniokoa? Ni yeye mwenyewe mshtaki. Alikuwa amesikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayekagua kazi yake. Kisha akamwambia mdogo wake wa tumbo moja, "Mheshimiwa hakimu, hati imesomwa vizuri. Hata hivyo naomba shauri liahirishwe. Mama wa mtoto huyu bado hajafika."

"Mama yupi, Kaka?"

"Mke wangu. Alikwenda sokoni asubuhi. Hakawii, yule."

Miaka sita tangu tumzike Mama, mdogo wangu. Baba Mdogo alizikunja zile karatasi mara nne, akazitia mfukoni, akakaa kwenye ngazi na kujifuta uso kwa mkono wa shati. Mzee mmoja akaomba maji ya kunywa. Hakuna aliyeniomba radhi. Jirani akaanika shuka.

Basi ulikuwa unamsoma. Siku zile zote nilipokuwa nikisimama kona ya nyumba kufurahia mlio wa funguo, wewe ulikuwa mwisho wa waya unasoma. Niliomba mashine isiyouliza maswali, ukaniletea mpelelezi.

Sasa nisikilize. Akili ya Baba ilianza kuondoka mwaka juzi. Mara ya kwanza alipotea tukamkuta kwenye lango la mahakama ya zamani, ambayo siku hizi ni ghala la saruji, anamwambia mlinzi kuwa amechelewa. Mara ya pili stendi. Mara ya tatu alikuwa katikati ya barabara kuu bila viatu, lori limesimama hatua tatu mbele yake, na dereva, mwanamume mzima, ameinamia usukani analia. Siku ile ndiyo nilianza kufunga mlango. Jirani ana ufunguo wa pili, humwangalia saa sita na saa tisa. Viatu nilivificha kwa sababu akiviona anakumbuka kazi. Maji ni mimi namwogesha, kwani wewe ulidhani anaogeshwa na nani? Yote aliyoandika ni kweli. Ndiyo maana hukuona uongo humo.

Na kwa nini sikukuambia? Kwa sababu ya Mama nilikuambia. Ulipiga simu tatu, ukaamua kila kitu ukiwa umekaa kwenye kiti chako huko huko, akapakiwa kwenye gari kupelekwa hospitali kubwa, akafia katikati ya wagonjwa asiowajua wakati mimi niko njiani na nguo zake za kubadilisha. Nilijiapia kwamba Baba hutamwamulia kwa simu. Sikujua kuna na njia ya kompyuta.

Dada


27 Septemba

Dada,

Hii ni barua ya nne. Tatu nimezichana.

Sijui nianzie wapi, nianze tu na lililo rahisi: nimeufunga mlango ule. Siwezi tena kuona anachoandika. Ukitaka hakika mwite yule fundi wa miwani mbili, atakuonyesha.

Sikuuweka kwa nia ya kuchungulia. Niliuweka kwa ajili ya matengenezo, kama nilivyokuandikia. Siku ya kwanza niliingia kwa sababu mashine ilikuwa inapata joto. Faili lilikuwa wazi, nikaona "mshtakiwa, ambaye ni binti yangu". Ungekuwa wewe ungefumba macho? Labda ungefumba. Mimi sikuweza. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa, kila siku wakati wenzangu wamekwenda kula.

Lililonipoteza ni uandishi wenyewe. Hakuna kosa hata moja la herufi. Aya zimepangwa, kila nukta iko mahali pake, kila tuhuma ina tarehe. Nilijiambia, mtu aliyepotewa hawezi kuandika hivi. Sikufikiria kwamba kazi inaweza kubaki mikononi baada ya mwenyewe kuondoka.

Na kuna jingine. Nikimpigia simu alikuwa ananipa dakika mbili, kisha anasema "haya, subiri dada yako". Pale nilikuwa naye saa nzima kila siku. Nilikuwa nasoma, namsikia sauti. Nilitaka iwe kweli ili niendelee kumsikia. Sasa unajua.

Kumwandikia Baba Mdogo badala ya kukuuliza wewe waziwazi, hilo sina utetezi. La Mama tuliache. Daktari alisema... tuliache.

Nimepata ruhusa kazini. Nakuja tarehe kumi na tano Desemba.

Mdogo wako


30 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta nina homa, nikaiweka chini ya mto siku sita kabla ya kuifungua. Sasa nimepona. Baba hajambo kwa mwili. Ameanza kukohoa kidogo, tumempa dawa.

Sijakusamehe. Nakuambia mapema usije ukaja na mikono miwili mbele. Pale kazini kuna wanawake walioisikia habari ya karatasi zile kabla sijavua koti Jumatatu yake. Wanapunguza sauti nikiingia. Hilo halifuliki.

La Mama unasema tuliache. Wewe liache. Mimi ndiye niliyerudi na nguo zile zimekunjwa vile vile.

Baba Mdogo siku hizi anakuja kila Jumatano. Hasemi kwa nini. Anakaa na kaka yake, anaitwa Mheshimiwa, anaitikia. Wiki iliyopita Baba aliniita nitie saini hati yake. Karatasi hakuna, basi akanionyesha kwa kidole sehemu ya chini ya skrini, nikaandika jina langu pale. "Mshtakiwa amekiri," akasema, akaridhika, akaomba chai. Nikamletea. Hayo machozi yangu nilikwenda kuyamalizia jikoni.

Naona bado unataka kuja. Sitakuzuia, ni baba yako. Ila sikiliza jinsi ya kuingia. Usimkumbatie. Usimwambie "Baba, ni mimi", wala usimwonyeshe picha. Jirani alijaribu kumkumbusha jina lake, akarushiwa kikombe. Mwezi huu wote Baba analalamika kwamba karani msaidizi hajaripoti. Vaa shati la mikono mirefu, uje na kalamu, mwambie umetumwa kutoka masjala ya mahakama. Atakupokea.

Ufunguo uchukue kwa jirani.

Dada yako


9 Januari

Dada,

Nilifika salama, ila nimekawia kukuandikia. Mizigo yote iko sawa, na ule mkate ulionifungia niliula wote kabla ndege haijaruka, nikiona aibu mbele ya abiria wa jirani. Chuoni nimekuta kompyuta tisa zimeharibika. Nimezipanga mezani, sijaigusa hata moja.

Siku nne ni chache, najua. Nimeona unavyoamka. Nimeona unavyomshika kichwa asipate maji masikioni. Ulinionyesha kila kitu bila kunisemesha, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, ila sidhani kama imekwisha.

Jioni ya siku ya tatu uliniuliza kwa nini sikula. Nilisema tumbo. Haikuwa tumbo.

Asubuhi ile, ulipokwisha kwenda kazini, Baba alinisubiri amevaa koti. "Karani, fungua mashine," akasema. Nikakaa, nikabofya ANDIKA. Akasimama nyuma yangu, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, akaanza kunisomea maneno, polepole, kama alivyokuwa akitusomea imla mezani tukiwa wadogo. Jina la mwapaji, yaani yeye mwenyewe. Umri. Kazi. Nilikuwa nikiandika na nina raha, Dada, naomba unielewe. Sijawahi kukaa naye karibu hivyo tangu nilipokuwa mtu mzima.

"Familia ya mwapaji," akasema. "Mke mmoja. Andika: yuko sokoni."

Nikaandika.

"Watoto."

Nilimsikia anavuta pumzi juu ya kichwa changu. Nikasubiri, vidole viko juu ya funguo.

"Mtoto mmoja," akasema. "Wa kike."

Nilisema, "Mmoja, Mzee?"

"Mmoja." Hakukasirika. Alifikiri tena, kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayepekua kabati. "Mmoja tu. Umeandika?"

"Nimeandika, Mzee."

"Soma."

Nikasoma: mtoto mmoja, wa kike.

"Sahihi," akasema. Kisha akaniwekea mkono begani, mkono mwepesi, kucha zimekatwa vizuri. "Unaandika safi, kijana. Kesho uwahi."

Kesho yake ndiyo asubuhi niliyoondoka.

Mdogo wako